Harufu Hutangulia Mzimu

Katika Rebecca, riwaya ya Daphne du Maurier iliyochapishwa mwaka 1938, mke mpya wa Maxim de Winter anaingia kwa siri katika chumba cha kulala cha mke aliyemtangulia. Rebecca ameshakufa na kuzikwa. Hata hivyo kitanda chake kimetandikwa, burashi zimepangwa mbele ya kioo, maua mabichi yamo chumbani, na nguo yake ya kulalia imo ndani ya mfuko wake kitandani. Mke mpya anaitoa nguo ile na kuiweka usoni. Ni baridi. Pale palipokuwa na manukato pamebaki uvundo hafifu wa kitambaa kilichokaa siku nyingi, na chini ya uvundo huo bado lipo ua moja: azalia nyeupe. Kufumba na kufumbua, Bi Danvers, msimamizi wa nyumba, yuko mlangoni anamtazama.

Kitabu hiki hakina mzimu. Hakuna minyororo inayoburutwa usiku wala mshumaa unaozimika wenyewe. Rebecca haonekani hata mara moja, tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Anaitawala nyumba ya Manderley kwa mwandiko wake, kwa taratibu alizoziacha jikoni na sebuleni, na zaidi ya yote kwa harufu. Du Maurier alijua kwamba sauti ya mtu hupotea siku anayokufa, na sura yake hufifia hata kwa waliompenda, lakini fungua kabati lake baada ya mwaka mzima na utakutana naye.

Riwaya za namna hii huitwa za gothiki. Zilianzia Uingereza mwaka 1764, Horace Walpole alipochapisha The Castle of Otranto, hadithi ya ngome, laana ya ukoo, na kofia kubwa ajabu ya chuma inayoporomoka na kumponda bwana harusi siku ya harusi yake. Wakafuata Ann Radcliffe, Matthew Lewis, Mary Shelley, akina Brontë, na Edgar Allan Poe kule Marekani. Tumezoea kuzisoma kwa macho: mnara, ukungu, mwanamke aliyevaa nguo nyeupe. Ukizisoma kwa pua utagundua kwamba mara nyingi harufu ndiyo hutangulia. Mhusika hunusa kabla ya kuona, na kilichomfikia puani huwa ni kitamu na kichafu kwa pamoja. Utamu huo uliochanganyika na uozo ndio ninaoutafuta kila ninapochagua manukato ya kwenda na kitabu cha gothiki.

Kwa wasomaji wa karne ya 19 hili halikuwa pambo la mwandishi. Wengi wao waliamini kuwa maradhi husambazwa na hewa mbaya, kwamba kunusa uvundo ni kuvuta kifo kifuani. Mwaka 1858 mto Thames ulinuka maji taka kiasi kwamba mapazia ya Bunge yalilowekwa dawa ya klorini ili wabunge waweze kukaa ndani. Kule Haworth, kijiji cha Yorkshire walikoishi akina Brontë, nyumba ya baba yao, aliyekuwa kasisi, ilitazamana na makaburi ya kanisa. Mkaguzi Benjamin Herschel Babbage alipopelekwa kijijini hapo, aliandika katika ripoti yake ya mwaka 1850 kwamba maji ya kunywa yalichafuliwa na vyoo na makaburi, na kwamba wastani wa umri wa kufa ulikuwa miaka 25 na ushei. Emily Brontë alikuwa ameshafariki Desemba 1848, akiwa na miaka 30. Mtu aliyekulia mahali kama hapo hakuhitaji kubuni harufu ya mauti. Alikuwa akiipata asubuhi akifungua dirisha.

Hata mwili wenyewe umeumbwa hivyo. Kinachoonwa na kusikiwa hupitia kwanza kituo kilicho katikati ya ubongo ndipo kisambazwe. Kinachonuswa huingia karibu moja kwa moja katika sehemu zinazoshughulika na hisia na kumbukumbu. Ndiyo maana mtu hushikwa na woga, au na majonzi, kabla hajajua ni kitu gani kilichomshika.

Basi sikubaliani na desturi ya kununua chupa nyeusi yenye picha ya kunguru na kuiita ya gothiki. Ukiifungua mara nyingi unakuta vanila na sukari, na vanila peke yake haijamtisha mtu. Anza na kitabu. Tafuta mwandishi alinusa nini, kwenye ukurasa gani, na harufu ile inamfanyia nini mhusika. Kisha tafuta manukato ambayo ndani yake mna ugomvi uleule.

Tumrudie Rebecca, kwa sababu hapa ugomvi umewekwa wazi kabisa. Siku moja Maxim na mke wake mpya wanateremka kuelekea baharini kupitia bonde lililojaa azalia. Maxim anaokota petali iliyoanguka na kumpa mkewe, petali iliyopondeka, na harufu yake ni tamu na nzito. Baadaye siku hiyohiyo mke anakuta kitambaa cha mkononi katika mfuko wa koti la mvua aliloazima, kitambaa chenye alama ya rangi ya mdomo na herufi ya R iliyotariziwa. Kinanukia kitu anachokijua lakini hakikumbuki. Inamchukua muda kung'amua kwamba ni zile petali nyeupe zilizopondeka. Bonde zuri kuliko yote katika Manderley linanukia mke aliyekufa, au Rebecca alijipaka bonde zima. Vyovyote vile, mgeni hana pa kupumulia.

Azalia haina mafuta yanayouzwa kama waridi au asumini, hivyo anayeitaka katika chupa lazima aibuni kwa kuchanganya vitu vingine. Mimi singeifuata. Ningeufuata ubabe wake, na ubabe huo umo katika Fracas, manukato yaliyotengenezwa na Germaine Cellier mwaka 1948 kwa ajili ya nyumba ya mitindo ya Robert Piguet ya Paris. Cellier alikuwa miongoni mwa wanawake wachache mno waliofanya kazi hiyo wakati huo, na hakuogopa kuzidisha. Fracas ni tuberosa, ua jeupe ambalo hutoa harufu kwa nguvu zaidi usiku. Mwanamke aliyeipaka huingia chumbani kabla ya miguu yake, na akishatoka, mto, kiti na pazia hubaki vikimshuhudia.

Siri ya tuberosa na asumini ni kemikali inayoitwa indoli. Iko katika maua haya meupe, na iko pia katika kinyesi na katika vitu vinavyooza. Ikiwa kidogo hulipa ua uhai, likawa kama ngozi ya mtu. Ikizidi, ua huanza kutisha. Aliyewahi kulala na kikuba cha asumini baada ya harusi anaifahamu safari hiyo: usiku kinaburudisha, na asubuhi, petali zikiwa zimesinyaa na kugeuka rangi ya chai, pana kitu kizito kimejiingiza ambacho hakikuwapo jana. Kitu hicho ndicho Rebecca.

Bi Danvers anastahili chupa yake mwenyewe. Ndiye anayelinda kabati, anayetandika kitanda cha marehemu, anayekataa kuifua ile nguo ya kulalia. Mwaka 1999 Serge Lutens, akishirikiana na mtengeneza manukato Christopher Sheldrake, alitoa Tubéreuse Criminelle, na ukiinusa kwa mara ya kwanza utadhani umeuziwa dawa: kafuri, mentholi, mpira, hata kitu kama petroli. Ubaridi huo hudumu dakika kadhaa. Kisha tuberosa inachomoza chini yake, laini, kana kwamba mtu alikuwa ameifunika shuka. Sisi wa pwani tunaiita kafuri karafuu maiti, na wengi tunaijua kutoka kwenye maji ya mwisho ya kuoshea marehemu. Wengine wanaijua kutoka kwenye kabati la nguo za kutokea, ikiwekwa kufukuza nondo. Kazi zote mbili ndizo kazi za Bi Danvers. Yule mke wa pili asiye na jina ningemwachia sabuni tu, kwa kuwa balaa lake lote ni kwamba hana harufu yake mwenyewe katika nyumba ile.

Dracula ya Bram Stoker ya mwaka 1897 imejaa harufu kupita kiasi, na ni ajabu kwamba filamu nyingi zimetufanya tuikumbuke kwa meno na joho. Jonathan Harker, wakili kijana wa Kiingereza, anamjua mwenyeji wake kwa pua kwanza: Dracula anamwinamia, pumzi yake inanuka, na kichefuchefu kinampanda. Baadaye, akitafuta njia ya kutoroka, anashuka hadi kwenye kanisa bovu la ngome, na hewa inazidi kuwa nzito kwa harufu ya udongo wa kale uliofukuliwa upya. Udongo huo ndio utakaopakiwa katika masanduku 50 na kusafirishwa Uingereza, kwa sababu yule mfu hawezi kupumzika ila ndani ya udongo wa kwao.

Wanawake watatu wanyonya damu wa ngomeni ndio wanaonistaajabisha zaidi. Harker amelala akijifanya hana habari, mmoja wao anamkaribia, na pumzi yake ni tamu kama asali. Chini ya utamu ule kuna uchungu, na uchungu huo ni wa damu. Hivyo hasa ndivyo watengeneza manukato wanavyofanya kazi. Vitu vyepesi, kama limau na chungwa, huruka ndani ya dakika chache. Maua hufuata na kukaa saa kadhaa. Mwisho hubaki vitu vizito: miti, utomvu, miski. Stoker aliandika harufu yenye mwanzo na chini yake, akamfanya msomaji aikose ile ya chini mpaka imeshachelewa.

Kwa udongo, kuna kitu bora kuliko manukato yoyote ya Ulaya. Katika mji wa Kannauj, kaskazini mwa India, mafundi huoka udongo mkavu, huuchemsha kwa maji katika mapipa ya shaba, na mvuke wake hupokewa ndani ya mafuta ya sandali. Hutoka atari inayonukia mvua ya kwanza baada ya kiangazi. Sehemu kubwa ya harufu ya udongo mbichi hutokana na jiosmini, inayotengenezwa na bakteria wa ardhini, na pua ya binadamu huinasa hata ikiwa kidogo mno hewani. Waulize wauza mafuta mazuri wa Mji wa Kale Mombasa, Darajani au Kariakoo, wale wanaopima kwa tola, maana biashara yao na India ni ya zamani. Ukiikosa, chukua mafuta ya mizizi ya vetiva, yanakaribia. Jipake nyuma ya mkono, halafu soma sura ile ya kanisa bovu. Harufu ambayo kwetu ni neema, ya mkulima anayesubiri masika, inageuka mikononi mwa Stoker kuwa harufu ya kaburi lililofunguka. Sijui jaribio jingine linaloonyesha kwa haraka hivyo kuwa harufu haina maana moja.

Kwa damu ipo Sécrétions Magnifiques, iliyotengenezwa na Antoine Lie mwaka 2006 kwa kampuni ya Etat Libre d'Orange ya Paris. Inanukia chuma, chumvi na kitu kama maziwa. Harufu tunayoiita ya chuma, ile inayobaki mkononi baada ya kushika sarafu au nondo, kwa kweli hutoka mwilini mwetu: mafuta ya ngozi yakigusana na chuma huvunjika na kutoa kemikali inayotukumbusha damu. Manukato haya yanastahili kunuswa mara moja kwenye karatasi na mtu yeyote anayeipenda Dracula. Kuyavaa ndani ya gari lenye abiria ni kuwaonea watu.

Na pana kitunguu saumu. Profesa Van Helsing anaagiza maua yake kutoka Haarlem, Uholanzi, anasugua madirisha, mlango na jiko la chumbani kwa Lucy, msichana anayewindwa na Dracula, kisha anamvisha shada shingoni. Usiku mama yake Lucy anaingia, anaona hewa ni nzito, anahofia afya ya mwanawe. Anayatoa maua na kufungua dirisha kidogo. Hii ndiyo sura inayoniuma kuliko zote katika kitabu. Mama anafanya lile ambalo kila mama wa zama zake alifundishwa: hewa nzito ni ugonjwa, hewa safi ni uzima. Akimwokoa mwanawe na harufu mbaya, anamfungulia mlango anayenuka zaidi.

Oscar Wilde alikuwa msomi wa harufu kuliko waandishi wote hawa. The Picture of Dorian Gray, iliyotoka jaridani mwaka 1890 na kuwa kitabu mwaka 1891, inafunguka kwa harufu ya waridi iliyojaa katika chumba cha mchoraji, na upepo ukivuma kutoka bustanini unaingiza lilaki. Sasa, lilaki ni miongoni mwa yale ambayo Wafaransa huyaita maua bubu: lichemshe, likamue, halikupi mafuta yanayofaa biashara. Lilaki yote iliyomo katika chupa ni ya kutengenezwa, imechorwa kwa vitu vingine. Sidai kwamba Wilde alikusudia hivyo, lakini kitabu kinachohusu picha inayochukua nafasi ya mtu kimeanza na ua ambalo, kwa mtengeneza manukato, haliwezi kuwa zaidi ya picha. Kwa sura hiyo ya kwanza ningechagua En Passant ya Frédéric Malle, kazi ya Olivia Giacobetti ya mwaka 2000: lilaki nyeupe iliyolowa mvua, na nyuma yake kitu kama ngano. Ndiye Dorian, kijana mzuri ambaye bado hajatenda lolote.

Katika sura ya 11 Dorian anazama katika manukato. Anayachemsha mafuta mwenyewe, anafukiza utomvu wa Mashariki, anachunguza ni kitu gani katika ubani kinachomfanya mtu afikirie mambo ya mbinguni, kwa nini ambari huamsha tamaa, kwa nini urujuani hufufua mapenzi yaliyokufa, kwa nini miski huvuruga akili, na kama kweli udi unafukuza huzuni moyoni. Wilde hapa anamfuata Mfaransa Joris-Karl Huysmans, ambaye katika À rebours ya mwaka 1884 alimpa mhusika wake sura nzima ya kuchanganya manukato mpaka akazimia. Kwa msomaji wa Kiingereza wa wakati huo, vitu hivi vilikuwa ndoto za mbali. Kwa msomaji wa Zanzibar, Lamu au Maskati vilikuwa, na bado ni, vitu vya chumbani: ubani wa Dhofar na wa Somalia, udi kwenye chetezo, nguo zikifukizwa kabla ya Ijumaa. Al-Masudi, mwandishi wa Baghdad aliyesafiri hadi pwani hii mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika kwamba ambari bora kabisa ni ile inayookotwa katika visiwa na fukwe za bahari ya Zanj. Dorian alikuwa akinunua kwa bei kubwa kitu ambacho mawimbi yetu yaliwahi kukitupa mchangani.

Na ambari ndiyo ningemvisha, kwa sababu inakwenda kinyume chake hatua kwa hatua. Huanzia tumboni mwa nyangumi mkubwa mwenye meno, ikijikusanya kuzunguka midomo migumu ya ngisi aliowameza. Ikitoka ni nyeusi, laini, inanuka kinyesi. Inaelea baharini miaka na miaka, chumvi na jua vinaifanyia kazi, inakuwa ya kijivu, wakati mwingine nyeupe, na harufu yake inakuwa tamu, ya bahari na ngozi yenye joto. Uchafu umegeuka usafi mbele ya macho ya kila mtu. Dorian ni msafi mbele ya macho ya kila mtu, na uchafu wake uko juu, katika chumba cha zamani cha masomo chenye unyevu na harufu ya ukungu, nyuma ya kitambaa cha zambarau kilichofunika picha. Anayetaka kumnusa Dorian wa miaka ya mwisho achukue ambari na udi mzuri, ajipake, kisha aingie stoo iliyofungwa muda mrefu na kusimama humo kidogo.

Robert Louis Stevenson hakuandika sana kuhusu harufu katika Strange Case of Dr Jekyll and Mr Hyde ya mwaka 1886, lakini aliweka moja mahali pake. Mlango unapovunjwa na Hyde, nafsi mbaya ya Daktari Jekyll, kukutwa sakafuni na kichupa mkononi, hewani kuna harufu kali ya kokwa. Wakili Utterson anaelewa mara moja: ni sumu, na mtu huyu amejiua. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1889, Aimé Guerlain wa Paris alitoa Jicky, na kwangu hakuna manukato yanayomfaa zaidi daktari yule. Juu ni lavenda, harufu ya bwana mwenye heshima aliyetoka kunyoa. Kati kuna kumarini na vanilini, vitu vilivyokuwa vimeanza kutengenezwa maabara, kumarini tangu 1868 na vanilini tangu 1874, maana Jekyll naye ni mtu wa maabara. Chini kabisa, bila kujificha sana, kuna zabadi, ute wa tezi za fungo ambao Ethiopia iliuuza kwa karne nyingi ukiwa umejazwa katika pembe za ng'ombe. Siku hizi huigwa kwa kemikali, na ni afadhali kwa wanyama wale. Lakini hata ikiigwa, mnyama yumo. Saa ya kwanza unakutana na Jekyll. Kaa nayo mpaka jioni uone nani amebaki.

Carmilla ya Sheridan Le Fanu ilitoka katika kitabu mwaka 1872, mwaka uleule ambao William Penhaligon wa London alitoa Hammam Bouquet, waridi lenye vumbi na ngozi, na zinakaa vizuri pamoja. Hata hivyo Carmilla, msichana anayekuja kama mgeni na kumpenda mwenyeji wake mpaka kumnyonya uhai, namwona zaidi katika Portrait of a Lady ya Dominique Ropion, ya mwaka 2010: waridi la Uturuki kwa wingi, pachuli, ubani. Limechukua jina la riwaya ya Henry James, ambaye naye alituachia hadithi ya kutisha ya The Turn of the Screw. Jeneza la Carmilla linapofunguliwa, anakutwa akiwa na rangi ya mtu hai, amelala ndani ya damu. Waridi hili lina wekundu huo. Na kwa The Monk, riwaya ya Matthew Lewis ya mwaka 1796 kuhusu mtawa wa Madrid anayehubiri utakatifu huku akizama katika uovu, Avignon ya Comme des Garçons ya mwaka 2002 inatosha: ubani, mawe baridi, kanisa tupu. Haina tone la utamu, na ndivyo inavyotakiwa.

Jane Eyre ya Charlotte Brontë, ya mwaka 1847, ina bustani ya jioni iliyojaa asumini, waridi na majani yenye harufu, na katikati yake Jane ananusa sigara ya Bwana Rochester kabla ya kumwona. Tabac Blond ya Caron, ya mwaka 1919, tumbaku na ngozi kwa wanawake walioanza kuvuta hadharani, inaweza kumsimamia Rochester.

Emily ni mgumu zaidi. Wuthering Heights, ya mwaka huohuo wa 1847, ina upepo mwingi kuliko maua. Lakini katika sura ya tatu, mgeni Lockwood analala kwenye kitanda cha sanduku cha Catherine, mwanamke aliyekwisha kufa, anasinzia, na utambi wa mshumaa unaegemea kitabu cha kale. Anazindukana kwa harufu ya ngozi ya ndama inayoungua, kwa kuwa vitabu vile vilijalidiwa kwa ngozi. Ni baada ya harufu hiyo ndipo anapoanza kusoma maandishi ya Catherine pembezoni mwa kurasa, na ni baada ya hapo ndipo mkono mdogo wa barafu unapomshika dirishani. Kwa hiyo ngozi na moshi. Cuir de Russie ya Chanel, iliyotengenezwa na Ernest Beaux mwaka 1924, imejengwa juu ya lami ya mti wa betula, ile iliyotumiwa Urusi kulainisha ngozi za buti. Imevalishwa maua na sabuni ya kifahari, lakini moto uko chini. Heathcliff, mpenzi wa Catherine, alitoweka miaka mitatu akarudi na nguo nzuri na adabu za kibwana, na kila aliyemkaribia aliona bado ni yuleyule. Manukato haya ni Heathcliff aliyerudi.

Neno kwa anayeishi kwenye joto. Karibu vyote nilivyovitaja vilitengenezwa kwa ajili ya makoti mazito na vyumba vyenye baridi. Katika Dar es Salaam ya Februari, Fracas au Tubéreuse Criminelle ikimwagwa shingoni huwa adhabu. Tone moja kwenye pindo la kanga au ncha ya mtandio linatosha, na usubiri jua lizame, kwani hata tuberosa yenyewe husubiri. Usinuse manukato mawili yenye tuberosa usiku mmoja. Na usinunue kabla ya kukaa nayo saa nne au tano kwenye ngozi, maana muuzaji hukuonyesha mwanzo tu, na katika riwaya hizi jambo lenyewe huwa mwishoni.

Ipo hadithi moja ambayo sitaipa chupa. Katika The Fall of the House of Usher ya Poe, ya mwaka 1839, Roderick Usher anaugua ugonjwa wa hisia kuzidi: mwanga hafifu unamtesa, nguo nyingi hawezi kuzivaa, na harufu ya ua lolote inamlemea. Anayeisoma kwa heshima inayostahili aoge kwa sabuni isiyonukia, atoe maua chumbani, na kama jana yake alifukiza udi, asubiri nguo na mapazia vipoe kwanza. Hadithi yenyewe haimalizi saa moja.